Mjomba, walijuaje?

Juzi jioni nilipita kwa dada yangu kusalimia tu, nikamkuta mpwa wangu wa darasa la sita amelala kifudifudi kwenye mkeka, kalamu mbili mkononi, nyekundu na bluu. Alikuwa anachora moyo. Siyo ule wa kadi za harusi. Ule wa kitabu cha sayansi, wenye vyumba vinne na mishipa mikubwa inayotokea juu. Upande mmoja kapaka nyekundu, upande wa pili bluu.

"Mjomba," akaniuliza bila kuinua kichwa, "hii damu ya bluu mbona sijawahi kuiona? Nikijikata inatoka nyekundu tu."

Hilo nililiweza. Nikamwambia hakuna damu ya bluu. Damu inayorudi moyoni kutoka mwilini imeshaacha sehemu ya oksijeni yake njiani, kwa hiyo inakuwa nyekundu iliyokolea sana. Kitabu kimeipaka bluu ili mwanafunzi asichanganye inayokwenda na inayorudi. Akaridhika, akaendelea kuchora. Kisha akauliza tena:

"Sasa walijuaje kwamba inazunguka? Nani aliingia ndani akaona?"

Hapo nikakwama, wadau. Mimi ambaye nalipwa mshahara kwa kuuliza watu "umejuaje?", nilikuwa nimeukariri mchoro ule tangu utoto na sikuwahi kujua jibu. Nakumbuka niliwahi kumuuliza mwalimu wangu swali linalofanana na hilo. Jibu lilikuwa ninakili kilichopo ubaoni. Nikanakili. Sikuuliza tena.

Safari hii nimetafuta. Nimesoma kwa siku kadhaa, na niliyoyakuta sikuyategemea. Naomba mnivumilie, maana hadithi yenyewe ni ndefu kidogo.

Tuanze na bwana mmoja aitwaye Galen. Alizaliwa mwaka 129 hivi huko Pergamon, mji ambao leo uko Uturuki. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatibu watu waliopigana kwa silaha viwanjani ili kufurahisha watazamaji. Baadaye akahamia Roma, akawa tabibu wa Kaisari Marcus Aurelius. Hakuwa mjinga hata kidogo. Kabla yake walikuwepo wasomi waliosema kwamba ateri zimejaa hewa. Galen ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba zina damu.

Lakini Galen hakupasua maiti za watu. Roma hilo halikuruhusiwa. Alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, halafu akakisia ya binadamu. Na aliona jambo moja la kweli kabisa: mishipa inayotoka kwenye utumbo inaelekea kwenye ini. Hata leo ndivyo tunavyofundishwa. Chakula kikishasagwa mdomoni, kikapita kwenye umio, kikafika tumboni na kuingia utumbo mwembamba, virutubisho vingi hunyonywa na kuingia kwenye damu, na damu hiyo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Hapo ndipo mifumo miwili tunayoichora kwenye kurasa tofauti inapokutana.

Galen alipoiona njia hiyo akasema: basi ini ndilo linalotengeneza damu kutokana na chakula. Damu hiyo inasambaa mwilini na kutumika yote, kama maji yanavyomwagiliwa shambani. Hairudi. Kesho tunakula tena, ini linatengeneza nyingine. Na kwa kuwa alihitaji kueleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto, akasema ukuta wa katikati una vitundu vidogo visivyoonekana.

Visivyoonekana! Na watu wakakubali. Siyo mwaka mmoja wala miwili. Kwa takriban miaka 1400 wanafunzi wa udaktari walisoma habari za vitundu hivyo, wakajibu mitihani, wakafaulu, wakawa walimu, wakafundisha wengine.

Wapo waliostuka. Wa kwanza tunayemjua alikuwa Mwarabu, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi ya udaktari Cairo. Mwaka 1242 aliandika ufafanuzi juu ya sehemu za anatomia katika kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina. Humo akasema wazi kwamba ukuta wa moyo ni mnene na hauna tundu, la kuonekana wala la kutoonekana. Kwa hiyo damu ya kulia haina njia nyingine ya kufika kushoto isipokuwa kupitia kwenye mapafu. Huo ndio ukweli tunaoufundisha leo: damu kutoka upande wa kulia huenda kwenye mapafu kuchukua oksijeni, inarudi upande wa kushoto, kisha inasukumwa mwilini.

Mnajua nini kilitokea kwa maandishi hayo? Yalikaa. Mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa anasoma Ujerumani, aliyakuta katika maktaba ya Berlin na kuyatangaza. Karibu miaka 700 imepita! Huku nyuma Wazungu walikuwa wameshaigundua upya njia ile ya mapafu. Mmoja wao, Michael Servetus, aliieleza mwaka 1553 ndani ya kitabu cha dini, na mwaka huohuo alichomwa moto hadharani Geneva. Tuwe wakweli: hakuchomwa kwa sababu ya damu, alichomwa kwa sababu ya imani yake. Ila vitabu vyake navyo viliteketezwa, na habari ya mapafu ikaungua pamoja navyo isipokuwa nakala chache.

Sasa tufike kwa mtu aliyejibu swali la mpwa wangu. Anaitwa William Harvey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1578. Alisomea udaktari Padua, Italia, akamaliza mwaka 1602. Mwalimu wake mmoja huko, Fabricius, alikuwa ameziona vali ndani ya vena, yaani vile vilango vidogo, na mwaka 1603 akatoa kitabu chenye michoro yake. Lakini Fabricius alidhani kazi yake ni kuzuia damu isijae miguuni. Alikuwa na ufunguo mkononi na hakujua ni wa mlango gani.

Harvey alifanya kitu ambacho hakuna aliyejali kukifanya: alipiga hesabu.

Na siyo hesabu ngumu. Alisema hivi: tuchukue kwamba kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo sana, tuseme drakma moja, ambayo haifiki hata gramu 4. Na tuseme moyo unapiga mara 1000 tu kwa nusu saa, ingawa sote tunajua unapiga zaidi. Hata kwa makisio hayo ya ubahili, nusu saa moja inakupa karibu kilo 4 za damu. Mtu anakula nini cha kumtengenezea kilo 4 za damu kila nusu saa? Na zinaishia wapi?

Mimi nimeirudia hesabu hiyo kwa vipimo vya leo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 kwa pigo moja, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Zidisha. Unapata karibu lita 5 kwa dakika, yaani karibu lita 300 kwa saa. Kwa ndoo zetu zile za lita 20, ni ndoo 15 kila saa. Wakati mwili mzima wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi tu, robo ya ndoo! Kwa hiyo hakuna ujanja: ni damu ileile inayopita tena na tena. Inazunguka.

Kama huamini hesabu, Harvey alikuwa na jaribio, na unaweza kulifanya hapo ulipokaa. Ning'iniza mkono mpaka vena zijitokeze. Chagua moja, ikandamize kwa kidole karibu na kiganja. Kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha ondoa kidole hicho cha juu. Ule mshipa utabaki umelala kwa urefu fulani, haujai kutoka juu, kwa sababu vali imefunga mlango. Sasa achia kidole cha chini. Unajaa mara moja! Vena inapeleka damu upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Mpwa wangu nilimfanyia kwenye mkono wangu mwenyewe, maana wake bado mnene wa utoto. Alirudia mara sita.

Harvey alitoa kitabu chake mwaka 1628, kikachapishwa Frankfurt. Rafiki yake John Aubrey aliandika kwamba baada ya kitabu kile wagonjwa walipungua, watu wakimwona amepungukiwa akili. Bingwa mmoja wa Paris, Jean Riolan, alimpinga mpaka Harvey akalazimika kumjibu kwa maandishi mwaka 1649. Na palikuwepo pengo la kweli katika hoja yake: hakuweza kuonyesha damu inatokaje kwenye ateri na kuingia kwenye vena. Hakuna jicho lililoiona njia hiyo. Tofauti yake na Galen ni kwamba Harvey alikuwa na hesabu inayomlazimisha mtu kukubali kuwa njia ipo. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitaliano Marcello Malpighi aliangalia pafu la chura kwa hadubini, akaziona kapilari.

Basi, huo ndio upande wa moyo. Nikadhani nimemaliza kazi. Lakini ukurasa unaofuata kwenye daftari la yule binti ni mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na swali ni lilelile. Nani aliingia tumboni akaona?

Safari hii, ndugu zangu, yupo aliyeona. Na hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kwa muda mrefu wasomi walibishana chakula kinafanywa nini tumboni. Wapo waliosema kinasagwa, kama firigisi ya kuku inavyosaga punje. Wapo waliosema kinapikwa na joto la mwili. Wengine wakasema kinachacha kama pombe. Mwaka 1752 Mfaransa Réaumur alimmezesha mwewe vibomba vya chuma vyenye nyama ndani. Mwewe alipovitapika, nyama ilikuwa imeanza kuyeyuka ingawa chuma kiliizuia isisagwe. Mwitaliano Spallanzani akajifanyia mwenyewe: alimeza vifuko vya kitambaa vyenye mkate na nyama, akasubiri vitoke njia yake ya kawaida. Akagundua kuna maji maji tumboni yanayoyeyusha chakula. Mwingereza William Prout akaonyesha miaka ya 1820 kwamba ndani yake mna asidi ya haidrokloriki.

Sasa twende Marekani, kisiwa cha Mackinac, kwenye maziwa makubwa ya kaskazini. Tarehe 6 Juni 1822, ndani ya duka la kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama, bunduki ya marisau ilifyatuka kwa bahati mbaya. Ikampata kijana Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, Alexis St. Martin, kibarua wa kupiga kasia na kubeba mizigo ya wafanyabiashara hao. Ilimfungua ubavu wa kushoto. Chakula alichokula asubuhi kikawa kinamwagikia nje.

Daktari wa jeshi aliyekuwa karibu, William Beaumont, alimtibu akiamini hafiki kesho yake. Akafika. Akapona, ila kwa namna ya ajabu: kidonda kiliacha tundu la kudumu, fistula, kutoka nje ya ubavu mpaka ndani ya tumbo. Serikali ya mtaa ilichoka kumlipia matunzo, ikataka kumrudisha Kanada. Beaumont akamchukua nyumbani kwake. Akawa mtumishi wake, akipasua kuni na kufanya kazi za nyumba. Mwaka 1825 majaribio yakaanza.

Daktari alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akaviingiza kwenye lile tundu, na kuvivuta kila baada ya muda kuona vimefikia wapi. Alichota maji ya tumboni, akayaweka kwenye chupa pamoja na nyama, akaitunza chupa katika joto la mwili. Nyama ikayeyuka humo humo, nje ya mwili wa mtu, ingawa ilichukua muda mrefu kuliko tumboni. Ubishi wa kusaga na kupika ukaisha. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, mmeng'enyo unavurugika. (Nani alikuwa anamkasirisha, kitabu hakisemi sana!) Kwa jumla yalifanyika majaribio zaidi ya 200, na kitabu kikatoka mwaka 1833. Miaka mitatu baadaye Mjerumani Schwann akagundua pepsini, kile kimeng'enya kinachovunja protini, kikisaidiana na asidi.

St. Martin alitoroka mara ya kwanza mwaka huohuo 1825, akarudi kwao Kanada, akaoa. Beaumont akamtafuta mpaka akampata, akamrudisha mwaka 1829 pamoja na familia. Mwaka 1832 wakaandikishana mkataba: dola 150 kwa mwaka, chakula na malazi, na yeye akubali kufanyiwa majaribio. Daktari alitia saini. St. Martin, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, akaweka alama ya X.

Mwaka 1834 akaondoka tena. Beaumont alimwandikia barua kwa miaka mingi, akamwahidi pesa, akambembeleza. Hakurudi kwake tena. Beaumont alifariki mwaka 1853 na St. Martin akaendelea kuishi, na tundu lake ubavuni, mpaka mwaka 1880. Miaka 58 baada ya risasi! Alipokufa, madaktari walilitaka lile tumbo. Familia yake ikaiacha maiti iharibike kwa siku kadhaa kwenye joto, ndipo wakamzika, kaburi la futi 8, ili mtu yeyote asije akamfukua.

Nimesoma habari ya kaburi hilo mara nyingi kuliko habari nyingine yoyote katika haya niliyowasimulia. Nitawaambia kwa nini.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha pwani kuandika makala ya ugonjwa wa matende. Nikampata mzee mmoja mwenye mguu uliovimba vibaya. Alinikaribisha vizuri, akanieleza tangu ugonjwa ulipoanza. Nikamwomba avute msuli juu kidogo, nikapiga picha. Makala ikatoka ukurasa mzima. Ofisini nilipongezwa, na makala ile ilinisaidia sana kazini, sitaki kuwaficha. Mzee nilimnunulia soda na kumwachia nauli ya kwenda hospitali. Niliporudi baadaye kufuatilia, binti yake alinipokea mlangoni kwa heshima zote. "Shikamoo kaka. Baba yupo ndani, ila amesema hataki picha tena."

Wakati ule niliona mzee ana kiburi. Nilijisemea, mbona makala imesaidia jamii? Na huenda ilisaidia kweli, kama kitabu cha Beaumont kilivyosaidia mamilioni. Sisemi Beaumont alikuwa mtu mbaya. Alimwokoa yule kijana alipokuwa anakufa, tena akamlisha wakati wengine wamechoka. Ninachosema ni kwamba kitabu chenye jina la daktari tunakijua, na aliyetoa tumbo lake alibaki akikata kuni mpaka uzeeni. Na watu wake walipopata nafasi moja tu ya kusema "basi", waliisema kwa kaburi la futi 8.

Nilimsimulia yule binti yote haya, nikiyapunguza makali. Akasikiliza, akafikiri.

"Kwa hiyo mtihani wakiniuliza niandike St. Martin?"

Nikamwambia hapana, mtihani wanataka majina ya sehemu: umio, tumbo, kongosho, utumbo. Akaguna. Lakini nilipokuwa naaga niliona ameandika jina hilo kwa kalamu ya bluu pembeni mwa mchoro wa tumbo, herufi ndogo, na mshale.

Mwezi ujao nina safari ya pwani. Nitapita kwa yule mzee. Kamera nitaiacha nyumbani, na kama hataki kuniona nitamwachia salamu kwa binti yake, nigeuze.

Na wewe mwenzangu unayeandika, unayefundisha au unayetibu: ni nani wa kwako uliyemwachia soda na nauli?